Nyumba ya marehemu mzee imegeuzwa tanuri kwa jina la usasa

Wadau, hasa mlio Malindi, Watamu na Lamu, nisaidieni kabla sijamkamata mtu shati.

Tulitaka kuongeza sebule, jiko na chumba kimoja nyuma ya bangaloo aliyotuachia marehemu baba. Nyumba ya kawaida tu: mawe ya matumbawe, mabati yenye upenu mpana, varanda upande wa bahari. Kusi ikivuma inaingilia varanda, inapita vyumbani, inatokea madirisha ya nyuma. Hata feni huwashi.

Huyu bwana anayejiita msanifu akaja na picha za kompyuta zinazong'aa. Sanduku jeupe, paa la slabu bapa ya zege, upenu hata wa shibiri hakuna, na ukuta mzima wa magharibi ni kioo toka sakafuni hadi juu. Magharibi, jamani! Malindi tuko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua linaegemea kaskazini, wa kumi na mbili linaegemea kusini, lakini kuzama linazama magharibi kila siku ya Mungu. Ikifika saa tisa alasiri sebule haikaliki. Na kioo chote kile kinafunguka kipande kimoja, tena pembeni, eti mistari isikatwe.

Baya zaidi, madirisha ya nyuma ya vyumba vya zamani sasa yanatazama ndani ya sebule mpya. Upepo usio na pa kutokea hauingii, hilo hata mtoto wa Shela analijua. Mama amehamisha mkeka wake, analala varanda. Nilipomuuliza bwana huyu akanijibu niweke kiyoyozi. Kwa bei hii ya stima!

Halafu anajisifu ameheshimu utamaduni, kwa kuwa amebandika zidaka, yaani vishubaka vya mapambo, za jasi ukutani. Nyumba za Lamu hazipoi kwa zidaka! Zinapoa kwa kuta nene, vichochoro vyenye kivuli, na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi katikati, kinachotoa hewa ya moto juu. Angetuachia kiwanda kidogo baina ya nyumba ya kale na mpya, vyumba vyote vingepumua, na paa mbili zisingegusana.

Maana hapo paa zinapogusana ndipo penye balaa. Maji yote ya mabati ya zamani yanamwagikia slabu, na slabu yenyewe haina mteremko wa maana. Mvua za mwezi wa tano tulipanga ndoo sebuleni. Kuta nazo zimeshikanishwa moja kwa moja: jengo la zamani lilishatulia, jipya bado linashuka, nafasi haikuachwa, na ufa umeshafika kwenye linta, ile boriti ya juu ya dirisha. Vyuma vya dirisha vimeanza kula kutu, lakini hayo ya chumvi tuyaache.

Nimetafuta jina la bwana huyu kwenye orodha ya BORAQS, bodi ya kusajili wasanifu majengo, halipo. Na sheria ya Kenya, Sura 525, hairuhusu mtu kujiita msanifu majengo bila usajili. Ndugu yangu aliyemleta amenyamaza kimya kwenye grupu la familia.

Natafuta fundi aliyewahi kung'oa kioo cha namna hii akaweka madirisha yanayofunguka, na upenu, bila kubomoa slabu. Na anayejua malalamiko dhidi ya mtu asiyesajiliwa yanaanzia wapi, bodi au polisi, anielekeze. Salio la bwana huyu analonipigia simu kila Jumatatu silipi.