Wauza programu za biashara wanagombania saini yetu tu, baada ya hapo utajijua mwenyewe

Wadau, leo nina hasira na sitaificha.

Kampuni za saizi yetu, si duka la mtu mmoja wala si shirika kubwa la kimataifa, ndizo zinazogombaniwa na kila muuza programu ya uhasibu, stoo na mishahara. Ukianza tu kuulizia bei, simu haitulii. Huyu anakuja na punguzo la mwaka wa kwanza, yule anakupa moduli (sehemu ya programu) ya mishahara bure, wa tatu kazi yake ni kuwaponda hao wawili. Unajiona bosi. Ukishasaini, umekwisha.

Ankara ya kuhuisha mkataba imetufikia. Punguzo halipo. Moduli ya "bure" ina mstari wake na bei yake. Chini kabisa kuna kitu kinaitwa watumiaji wa kutazama: yaani mtunza stoo akifungua skrini aone salio la mzigo, bila kuandika hata herufi moja, anahesabiwa leseni! Napiga simu, yule kijana wa mauzo aliyekuwa akijibu meseji hadi usiku wa manane kahamishwa kitengo. Naambiwa nifungue tiketi, yaani niandike ombi la msaada nisubiri.

Tukasema basi, tupeni data zetu tuondoke. Wakaleta mafaili ya Excel: ankara faili lake, malipo faili lake, na namba ya kuunganisha malipo na ankara haimo. Majina ya wadaiwa yapo, ila nani kalipia kipi hujui. Ukiitaka ile namba, hiyo ni "huduma ya kitaalamu", inalipiwa kwa saa.

Anayeona hili la leseni ni dogo akasome kesi ya SAP (wauza programu za biashara wa Ujerumani) na Diageo (kampuni ya pombe), Uingereza, Februari 2017. Diageo walikuwa na leseni zao. Wateja wao wakawa wanaagiza mzigo kupitia mfumo mwingine uliounganishwa na SAP, mahakama ikasema hao nao ni watumiaji wa kulipiwa. SAP walikuwa wanadai zaidi ya pauni milioni 54. Diageo wana jeshi la mawakili. Sisi tuna mhasibu mkuu na kijana mmoja wa IT.

Na msiniambie "hama, ushindani upo". Niende kwa nani? Microsoft waliinunua Great Plains 2001, mwaka uliofuata wakachukua Navision, zote zikiuza programu za biashara kwa kampuni za kati kama zetu. Hiyo Great Plains sasa inaitwa Dynamics GP na imeshapangiwa kustaafishwa, msaada wake unakoma 2029. Juni 2003 PeopleSoft walitangaza kuinunua J.D. Edwards, wote wauza programu za biashara, siku chache tu baadaye Oracle, mkubwa mwingine wa programu, wakatangaza kuitaka PeopleSoft yenyewe. Serikali ya Marekani ikaenda mahakamani kuzuia, ikashindwa 2004, na Januari 2005 Oracle wakaondoka nayo kwa dola bilioni 10.3. 2016 wakarudi sokoni wakabeba NetSuite kwa bilioni 9.3, kampuni ya programu za biashara ambayo Larry Ellison, mwanzilishi wa Oracle, alitia pesa zake tangu inaanzishwa. Unamkimbia mkubwa unaenda kwa mdogo, kesho unaletewa ankara yenye nembo ya yule yule mkubwa.

(Watu wa chanzo huria, yaani programu zenye msimbo ulio wazi kwa wote, nawaona mnakuja. Toleo la bure la Odoo, mojawapo ya hizo, lina ankara. Uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia. Tulishaangalia.)

Sasa aliyewahi kuhama salama aweke hapa maneno ya kifungu alichokibana kwenye mkataba: data kutolewa zote pamoja na namba za kuunganisha, na ukomo wa kupandisha bei kila mwaka. Vifungu tu, pole sihitaji.

Na nyie wa mauzo msinifuate kwa ujumbe binafsi. Kama bidhaa yako ni nzuri, andika hapa hapa bei ya mwaka wa tatu, watu wote waione.