Naomba ushauri: matembezi ya pikipiki Chake hadi Kigomasha

Assalaam alaykum wanaklabu. Jumapili tunatoka Chake Chake, hapa Pemba, kwenda mnara wa taa wa Ras Kigomasha, tukipita njia za ndani za mashamba. Kinachonitia wasiwasi ni njia za udongo upande wa msitu wa Ngezi, tukishapita Konde. Ikinyesha zinateleza kama sabuni, na baadhi yetu wanakuja na Vespa za tairi inchi 10, tena wamepakia. Tupunguze upepo wa tairi kidogo, au Vespa zisubiri Konde? Mimi sipendi kumwacha mtu nyuma.

Halafu karafuu zimeanikwa kwenye majamvi hadi ukingoni mwa barabara. Ni jasho la watu, zisikanyagwe hata punje. Nani mzoefu atangulie, na nani afunge msafara?