Ushirikishwaji wa wananchi kwenye bustani za mijini ni geresha tupu

Wakuu, nimechoka. Kila bustani ya umma ikitaka "kuboreshwa" tunaitwa mkutanoni. Tukifika, mchoro umeshakamilika, mkandarasi ameshapatikana, tunachosubiriwa ni kusaini karatasi ya mahudhurio. Halafu karatasi hiyo hiyo inaambatanishwa kwenye ripoti: "wananchi walishirikishwa". Kuhudhuria na kuridhia vimekuwa kitu kimoja tangu lini?

Sherry Arnstein, Mmarekani aliyeandika kuhusu ushiriki wa wananchi, aliyasema haya mwaka 1969. Aliupanga ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vipandio 8. Kupewa taarifa ni cha 3, kuombwa maoni ni cha 4, na vyote viwili aliviita ushiriki wa jina tu. Kugawana madaraka kunaanzia cha 6. Sisi hata hicho cha 4 tunakionjeshwa kwa kubahatisha.

Hasara yake iko wazi. Zege la njia mpya linamwagwa mpaka linalikaba shina la mti mkubwa, na kila mtunza miti anajua mizizi mingi inayonyonya maji iko karibu na uso wa udongo na inahitaji hewa. Mti unaanza kukauka kileleni, matawi yanadondoka, kisha anatumwa mtu na msumeno: "ulikuwa mgonjwa". Umeuguzwa na nani? Wanaopumzika chini yake kila jioni wangewaonyesha maji ya mvua yanatuama wapi na watu hukatiza wapi. Hakuna aliyewauliza.

Ila siku ya kupanda miti tunakumbukwa sana! Fulana, kamera, hotuba ndefu. Ukiuliza nani atamwagilia miche kiangazi, kimya. Ufagio wetu, bajeti yao.

Na msituletee habari za "wananchi hawana utaalamu". Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Alitukanwa hadi bungeni, lakini jengo halikujengwa. Mwaka 2014 wakazi wa Berlin walipiga kura kuzuia ujenzi kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof, wakashinda.

Tunataka wajumbe wenye kura kwenye kamati ya bustani, bajeti ibandikwe getini, na mti mkubwa usiguswe kabla sababu haijatangazwa kwa maandishi. Mwenye mkataba wowote wa usimamizi unaowapa wakazi nguvu ya kuamua, auweke hapa tuusome kifungu kwa kifungu. Wale wa "serikali inajitahidi", uzi huu si wenu.