Naomba ushauri: kuwafundisha wanafunzi propaganda ya Squealer

Ndugu wanajamvi, salaam. Nawafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu Shamba la Wanyama, hekaya ya George Orwell ya mwaka 1945, nami nimekwama kwa Squealer, nguruwe anayewasemea nguruwe wenzake wanaotawala shamba. Anapotetea nguruwe kujitwalia maziwa na matufaha, anadai kwamba sayansi imethibitisha umuhimu wake kwa afya yao, kisha anawatisha wenzake kwamba wasipokubali, Jones, mwenye shamba waliyemfukuza, atarudi, hofu ambayo hakuna anayethubutu kuipinga.

Nimewapa wailinganishe hotuba hiyo na ya Mzee Major, nguruwe mzee aliyewahimiza wanyama waasi, lakini wanaziona zote kuwa ushawishi tu, na kwa kweli Major naye huchochea hisia, tena kwa wimbo.

Je, niwape kigezo gani cha kutenganisha ushawishi halali na propaganda? Na je, ingefaa kutangulia na amri za wanyama zilizoandikwa ukutani, ambazo hubadilishwa usiku?