Naomba ushauri: kichwa cha ampu ya besi kwa shoo za ufukweni

Assalaam alaikum jamani. Napiga gitaa la besi kwenye bendi ya watu watano: mahoteli ya Paje na Nungwi, harusi za mjini, na taarab nikiitwa. Jumamosi ampu yangu imenifia katikati ya nyimbo. Jenereta la hoteli likakohoa, taa ikapepesa, kisha harufu ya kuungua. Fundi kaifungua, skrubu zote za ndani zimeliwa na kutu ya upepo wa bahari.

Spika ninayo, kabati lenye spika mbili za inchi 10, omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa hiyo natafuta kichwa tu, yaani ampu isiyo na spika ndani. Nimeoneshwa Markbass Little Mark III iliyotumika. Inasifiwa wati 500, lakini hizo ni kwa omu 4. Kwa kabati langu ni 300. Jee, zinatosha mchangani, pasipo ukuta wa kurudisha sauti, na mpiga dramu asiye na huruma? Au nitafute kabati la pili la omu 8, yakiungana sambamba nipate omu 4?

Mwenzangu ananishawishi Ampeg SVT-CL, ya valvu (zile taa za kioo za ampu za kizamani), wati 300. Tamu, sikatai. Ila uzito wake unapita kilo 30 na mimi napanda daladala. Konda atanidai nauli ya watu wawili.

Jengine: wanaopigia jenereta mnaweka stabilaiza gani? Na kutu mnaizuiaje? Mimi nilikuwa naifunika kanga tu, nadhani ndiyo iliyohifadhi unyevu.