Alikuwa Home Guard wa kawaida au mtu wa Auxiliary Units? Namna ya kuthibitisha

Mwandika_Wasifu
Wakuu, naandaa wasifu wa mkulima mmoja wa kusini mwa England enzi za Vita vya Pili. Karatasi zote zinasema Home Guard (mgambo wa raia waliojitolea kulinda nchi), lakini ukoo wake unasisitiza alikuwa Auxiliary Units, kikosi cha siri cha kubaki nyuma na kufanya hujuma endapo Wajerumani wangevamia. Nithibitishe vipi? Na hawa watu walijificha wapi, kwa vifaa gani? Naomba mambo yenye ushahidi.

Karani wa Kale
Anza na namba ya batalioni. Home Guard wa kawaida walihesabiwa kwa kaunti: batalioni ya 1, ya 2, na kuendelea. Auxiliary Units walifichwa ndani ya Home Guard kwa batalioni tatu tu: 201 (Scotland na kaskazini ya mbali ya England), 202 (kutoka Yorkshire kushuka hadi mto Thames) na 203 (kusini). Kwa hiyo tafuta picha akiwa na sare. Begani ukiona HOME GUARD, herufi za kaunti, kisha 203, umepata kitu kizito.

Pili, orodha za majina ziko National Archives (hifadhi ya nyaraka ya taifa), Kew, London, mfululizo wa WO 199, zimepangwa kwa doria, yaani vikundi vidogo vya kikosi. Jina likikosekana usifunge faili: aliyejiunga 1940 akaitwa jeshini mapema anaweza asiwemo. Mafaili ya kawaida ya Home Guard yako WO 409. Linganisha yote na sensa ya usajili ya tarehe 29 Septemba 1939, inayotoa tarehe ya kuzaliwa na kazi, maana majina yanafanana mno.

Beji isikudanganye. Kuna ngao ndogo ya kola, nyekundu na buluu, yenye namba za batalioni hizo, waliyopewa kikosi kilipovunjwa mwishoni mwa 1944. Ni ushahidi mzuri ikiwa imeambatana na barua ya kuagwa. Ikiwa peke yake haitoshi, kwa sababu zinauzwa mitaani.

Kazi yake pia inasema mengi. Kanali Colin Gubbins alipoanzisha kikosi kiangazi cha 1940, walichaguliwa wakulima, walinzi wa misitu ya mawindo, hata majangili: watu wanaoijua ardhi yao gizani na ambao kuwaona shambani usiku hakumshangazi mtu.

Fundi wa Ardhini
Nijibu upande wa maficho, maana hapa ndipo hadithi nyingi hupotoka. Yaliitwa Operational Base, kifupi OB. Ya mwanzo yalichimbwa na wanadoria wenyewe. Baadaye wahandisi wa jeshi waliyajenga kwa ramani inayofanana. Chumba cha mabati yaliyopinda kilichofukiwa, shimo la kushukia lenye ngazi, ukuta wa kuzuia mlipuko kati ya shimo na chumba ili bomu la mkono likitupwa mlangoni lisiwamalize wote, na upande wa pili njia ya kutorokea ya mabomba makubwa ya saruji, unapita kwa kutambaa. Ndani vitanda vya deka kwa doria ya watu wanne hadi wanane, karabai, jiko la mafuta ya taa, choo cha kemikali, maji, na chakula cha wiki mbili hivi.

Mambo yaliyoleta shida:

Udongo. Rundo la udongo mbichi huonekana hata kutoka angani, kwa hiyo ulibebwa usiku na kutawanywa kwingine.

Hewa. Karabai, jiko na watu saba kwenye chumba kilichozibwa humaliza hewa safi haraka. OB za kwanza ziliwaumiza watu vichwa vibaya. Baruti zenye nitrogliserini zikihifadhiwa humo humo, mvuke wake hutanua mishipa ya damu na kichwa kinazidi kugonga. Dawa ilikuwa mabomba ya hewa yaliyotokezea kwenye visiki au mizizi, na stoo ya baruti kutengwa.

Unyevu. Mabati ni baridi, pumzi hugeuka matone, na fataki na vifaa vya kuwashia vinaharibika kabla ya kutumika.

Mfuniko ulikuwa sinia la mbao lenye udongo na majani, mara nyingi likiinuliwa kwa uzani wa kusawazisha. Lakini mfuniko mzuri kiasi gani hausaidii kama watu wanapita njia ileile kila siku. Nyasi zikilala, siri imekwisha.

Mwandika_Wasifu
Shukrani sana. Mafunzo walipata wapi? Na familia ingewezaje kutojua?

Karani wa Kale
Coleshill House, jumba kubwa la mashambani karibu na mji mdogo wa Highworth, kusini mwa England. Wengi waliripoti kwanza posta ya Highworth. Mabel Stranks, mkuu wa posta, alihakiki utambulisho wao ndipo gari likaja. Vijitabu vya hujuma vilivaa jalada la kalenda ya wakulima. Walitia saini Sheria ya Siri za Serikali, na mke aliambiwa ni zamu ya Home Guard. Barua ya kuwaaga ya 1944 ilisema wazi kwamba kwa ajili ya usiri hakutakuwa na sifa ya hadharani. Waliandamana kwenye Cenotaph, mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, London, kama kikosi kwa mara ya kwanza 2013. Ukikutana na neno Special Duties, hilo ni tawi tofauti: raia waliokusanya habari na kuzipeleka kwa vituo vya redio vilivyofichwa. Usiwachanganye na wapiga hujuma.

Fundi wa Ardhini
Nyongeza ya usalama: ukienda kutafuta OB yake, omba ruhusa ya mwenye shamba na usiingie; mabati yameoza na paa huporomoka. Ukikuta kreti la chupa ndogo za kioo ardhini, usiguse hata moja. Huenda ni mabomu namba 76 yenye fosforasi, na kioo kikipasuka huwaka yenyewe yakipata hewa. Weka alama kwa mbali, ondoka, piga simu polisi.