Kamba ya miaka 2000: nimweke Yesu wapi?

KatekistaKasese
Ndugu zangu, salamu. Nawaandalia vijana wa kipaimara kamba ya nyakati, sentimita 1 kwa kila mwaka, kutoka Yesu hadi leo. Nina maswali matatu. Vitabu vingine vinasema Yesu alizaliwa mwaka 4 au 6 kabla ya Kristo (KK). Kijana akiniuliza Kristo alizaliwaje kabla ya Kristo, nimjibu nini? Pili, kati ya Yerusalemu na Uganda niweke nini ili kamba isibaki tupu? Tatu, ni kamba gani inayofaa?

MwanaAntiokia
Mwalimu, mwambie wazi kwamba kosa ni la kalenda. Hesabu hii ya miaka ilipangwa Roma mwaka 525 na mtawa Dionysius Exiguus, naye alipitiwa na miaka michache. Mathayo anasema Yesu alizaliwa siku za mfalme Herode, na wanahistoria wengi wanakiweka kifo cha Herode mwaka 4 KK. Tena Herode aliagiza wauawe watoto wa miaka miwili kwenda chini. Ndiyo maana watu husema kati ya 6 na 4 KK. Hapo funga kitambaa chenye upana wa sentimita 2 au 3. Ukifunga uzi mwembamba utakuwa umewaahidi vijana mwaka kamili ambao Injili haikuutaja.

Sasa mtego wenyewe: hakuna mwaka 0. Baada ya 1 KK unakuja 1 BK (baada ya Kristo) moja kwa moja, kwa hiyo kutoka 4 KK hadi 30 BK ni miaka 33, wala si 34. Chora mstari mmoja mwekundu. Sentimita ya kwanza kulia kwake ni mwaka 1 BK, ya kwanza kushoto ni 1 KK. Vipimo vyote vianzie kwenye mstari huo. Ukianza kupima kwenye kitambaa cha kuzaliwa, kila tukio litakalofuata litasogea.

Halafu kuna misumari miwili isiyotikisika sana. Luka 3:1 inasema Yohana Mbatizaji alianza mwaka wa 15 wa Tiberio Kaisari. Tiberio alishika utawala mwaka 14, kwa hiyo tuko 28 au 29. Msumari wa pili ni Galio, liwali aliyemsikiliza Paulo kule Korintho, Matendo 18:12. Delphi, Ugiriki, yalipatikana maandishi ya mawe yenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio, nayo yanamweka Korintho karibu na mwaka 51 au 52. Safari za Paulo hupimwa kwenda mbele na kurudi nyuma kutoka hapo.

Yuko kijana atakayekuuliza kuhusu Luka 2:2, sensa ya Kirenio, liwali wa Siria. Usimkwepe. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, anaiweka sensa ya Kirenio mwaka 6 BK, miaka kama 9 baada ya kifo cha Herode. Wataalamu wanabishana hadi leo jinsi ya kuzipatanisha habari hizo mbili, na kijana wa kipaimara ana haki ya kuambiwa hivyo.

FundiWaJinja
Kuhusu kamba yenyewe. Nailoni inavutika, mkiishika watu kumi itawadanganya. Tumia katani, na nunua mita 22: mita 20 na kitu za miaka, na zinazobaki za kufungia kwenye miti. Ivute kwanza, uiache imekazwa usiku kucha mahali pakavu, ndipo upime kwa futi ya fundi cherehani.

Kosa kubwa ni kufunga mafundo. Kila fundo linameza kamba, na ukifunga mafundo kumi umepoteza miaka mingi bila kujua. Alama zote ziwe vitambaa vilivyoshonwa kwa sindano au kubanwa kwa pini. Na usipunguze kipimo kuwa nusu sentimita ili kamba ienee ukumbini. Huduma ya wazi ya Yesu, ukifuata Pasaka tatu za Injili ya Yohana, ni miaka miwili na zaidi kidogo. Hiyo tayari ni sentimita 2 au 3 tu, upana wa kidole gumba. Ukiikata nusu haitaonekana. Bora mtoke nje.

MsomajiMengo
Hapo katikati usiruke Afrika. Weka 313, Konstantino na Licinius waliporuhusu Ukristo katika dola ya Roma, na 325, mtaguso wa Nikea. Karibu kabisa na hapo, katika karne hiyohiyo ya 4, weka mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, aliyeipokea imani. Karne ya 6 falme za Nubia, kwenye mto Nile, nazo zikaipokea. Vijana watashangaa: Nile inatoka kwetu, lakini Injili haikupanda nayo hadi huku. Ilikuja kwa njia ya pwani. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na misheni ya Bagamoyo ikaanza 1868.

Na Kiswahili kilitangulia wamisionari kufika Buganda. Mpelelezi Stanley alipoondoka kwa Kabaka (mfalme) Mutesa mwaka 1875 alimwacha Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Unguja, naye ndiye aliyemsomea Kabaka Maandiko kwa Kiswahili. Waanglikana wa chama cha wamisionari cha CMS walifika 30 Juni 1877, na Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, 17 Februari 1879. Kwenye kamba yako wameachana sentimita 2 tu, baada ya karibu mita 19 za historia.

Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani, hawataenea hapo. Wafanyie kamba ya pili, sentimita 10 kwa mwezi, jumla mita 2 na nusu hivi. Anza na 31 Januari 1885, vijana watatu wa Kianglikana waliouawa Busega. Kama sentimita 90 mbele ni 29 Oktoba, Askofu Hannington, Busoga. Sentimita 5 baadaye, 15 Novemba, Yosefu Mukasa Balikuddembe. Kisha 3 Juni 1886, Namugongo, na mwisho 27 Januari 1887, Yohana Maria Muzeeyi. Tafadhali msiwafundishe watoto kwamba wote 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, walikufa Namugongo siku moja. Matiya Mulumba aliuawa Kampala ya Kale, Nowa Mawaggali aliuawa Mityana, na wote wawili walitangulia siku hiyo.

Kwa kuwa uko Kasese, ongeza 1896: Apolo Kivebulaya, Muganda, alivuka kutoka Toro hadi Mboga, Kongo. Mwinjilisti Mwafrika akiwapelekea Waafrika wengine Injili, ng'ambo ya milima ambayo vijana wako wanaiona kila asubuhi.

KatekistaKasese
Asanteni sana. Limebaki moja: kusulubiwa nikuweke 30 au 33?

MwanaAntiokia
Funga vitambaa viwili vya rangi moja. Pilato alitawala Yudea kuanzia 26 hadi 36, na Injili zote nne zinasema ilikuwa siku ya maandalio, yaani Ijumaa, wakati wa Pasaka. Hesabu za mwezi zinatoa tarehe mbili zinazokubalika zaidi: 7 Aprili 30 na 3 Aprili 33. Ukichagua 30, sogeza mwanzo wa Kanisa la Yerusalemu pamoja nao, maana Pentekoste ni siku 50 hivi tu baadaye, sentimita ileile.